Aliyeitika Ng'ambo ya Lualaba

Mara ya tatu Chancelle alipopiga ule mwito wa porini, Glodi, mrekodi sauti wao, alivua kaske yake ya kusikilizia masikioni, akaitazama kama mtu anayetazama kikombe kilichomuunguza mdomo, kisha akaivaa tena.

"Stany," alisema kwa sauti ya chini. "Kuko mutu anaitika."

Stany hakutaka kusikia habari za mtu. Alikuwa juu ya kichuguu na kamera yake begani, na jua lilikuwa linamkimbilia. Vijana sita waliovaa magunia na nyuzi za katani, wakijifanya nyani, walikuwa wameanza kujikuna. Mamba aliyetengenezwa kwa mpira wa tairi la lori alikuwa anavuja hewa kando ya mto. René, aliyecheza mwindaji mzungu, alikuwa amepakwa unga wa muhogo uso mzima, na jasho lilikuwa limeugeuza uji.

Kazi ya Stany ya kila siku ilikuwa kupiga video za harusi mjini Kolwezi. Lakini tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu ya pori, na sasa alikuwa anaitengeneza, huku ukingoni mwa mto Lualaba, mwendo wa saa moja na nusu kwa moto, yaani pikipiki, kutoka mjini. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyepotea akiwa mdogo, akalelewa na nyani, akakua hajui woga. Anapanda nyati, anaruka kwa kamba toka mti hadi mti, anawachapa majangili makofi. Chancelle ndiye aliyekuwa msichana huyo. Gauni lake la ngozi ya chui alilishona mwenyewe kwa blanketi la madoadoa.

Hadithi yenyewe ilitoka kwake. Bibi yake, Kaku Mushiya, ndiye aliyemlea, na kila jioni ya utoto wake alimsimulia habari za msichana wa nyani aliyeitwa Mwadi. Mwisho wa hadithi Kaku alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja na kuutoa mwito wa kina mama wa kijijini kwao, ule wa kuwaita watoto toka mashambani: sauti inapanda, ulimi unapigapiga, kisha inaanguka kama jiwe kisimani. Kaku aliutoa kwa kunong'ona tu, siku zote. Stany alipotaka kelele ya porini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, Chancelle aliukumbuka, akauachia kwa pumzi yake yote.

"Njo mwangwi tu, si mutu," Stany alisema.

"Mwangwi haiseme maneno yake yenyewe. Kuya usikie."

Walisikiliza wote watatu, wakipokezana kaske. Katika mara ya kwanza, baada ya mwito, kulikuwa na sauti nyembamba ya mtoto kutoka mbali, ng'ambo ya mto: *Nakuya, mama.* Katika mara ya pili sauti ilikuwa juu ya maji. Katika mara ya tatu ilikuwa upande huu, nyuma ya matete.

"Batoto ba bachoma makala," Stany alisema, ingawa hakuna moshi wa makaa ulioonekana popote. "Bon, tunarudilia."

Chancelle akapiga mwito mara ya nne. Kisha Glodi akachomoa nyaya bila kuulizwa, akafunga mashine yake ndani ya mfuko, akasema kwa leo yeye amemaliza. Hakumruhusu mtu asikilize. Njiani tu, moto ilipopunguza mwendo, alimgeukia Chancelle.

"Mu ile ya ine hakuna maneno," alisema. "Kuko kupumua. Sawa mutoto mwenye alikimbia mbio. Hapa, karibu na micro."

*

Chancelle aliishi Kasulo na Kaku Mushiya na binti yake, Shekina, wa miaka sita. Lupango lao lilikuwa kama malupango mengi ya mtaa ule: nyumba ya vyumba viwili, mahali pa mbabula, lile jiko la makaa, na kwenye pembe shimo lililochimbwa na mpangaji wa zamani aliyetafuta kobalti, akaliacha lilipojaa maji. Mdomo wa shimo ulizibwa kwa bati na mawe mazito.

Alimkuta Kaku anachambua maharagwe. Glodi alikuwa amemtumia ile sauti ya tatu kwa simu, na Chancelle akaifungua, akamshikia sikioni.

"Kaku, sikia mwito yako. Nauliza, hii yenye kuitika ni nini?"

Bakuli lilianguka. Maharagwe yakatawanyika uani, kuku wakaja. Kaku hakuwafukuza. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akasikiliza tena, na tena, na Chancelle aliyekuwa akitarajia woga akaona kitu kilichomtia woga zaidi: uso wa yule mwanamke wa miaka sabini na moja ulikuwa unafunguka kwa furaha.

"Njo yeye," Kaku alisema. "Njo Mwadi."

"Mwadi wa hadisi?"

"Haikuwaka hadisi, mwanangu."

Ndipo Chancelle alipojua, akiwa na miaka ishirini na saba, kwamba alikuwa na mama mkubwa. Mwaka wa sabini na nane, vita ilipoingia Kolwezi, Kaku alikimbilia porini, Louise, mama yake Chancelle, akiwa mtoto mchanga mgongoni, na Mwadi wa miaka sita mkononi. Watu walikuwa wengi njiani. Risasi zikalia, watu wakasukumana, na mkono ukatoka mkononi. Kaku alibaki ukingoni mwa mto mwezi mzima akiita. Hakuna aliyeitika. Watu walimwambia akae kilio, anyoe nywele kama mama aliyefiwa, akakataa. Alijiambia kwamba nyani wamemchukua, wanamlea, hajui woga.

"Juu ya nini haukuniambiaka?"

"Ungesema amekufa," Kaku alijibu. "Bote basemaka vile."

Usiku huo waliokula ni watatu, lakini Kaku alipakua sahani nne.

*

Kwanza ilikuja harufu. Udongo wa kichuguu uliolowa mvua, uyoga uliooza, na chini yake kitu kama manyoya ya mbwa aliyenyeshewa. Ilikaa kwenye mashuka, kwenye bukari, ule ugali wao, kwenye nywele za Shekina hata zilipooshwa kwa sabuni mara mbili. Kisha unga ukaanza kupungua, na muhogo mbichi ukaonekana una alama za meno madogo. Chancelle alisema ni panya. Jioni Kaku aliacha mlango wazi kidogo, na Chancelle alipoufunga aliukuta umefunguliwa tena.

Shekina naye alikuwa anabadilika. Alianza kukaa amechuchumaa, mgongo ukutani, akitazama mlangoni kwa macho ya mtu asiyelala. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani alijitupa chini ya kitanda, akiziba masikio, na kukaa humo saa nzima. Akiitwa jina lake hakugeuka. Kaku alipoita "Mwadi" kutoka uani, kwa sauti ya chini, mtoto aliinuka mara moja na kwenda.

"Kaku, usimuite vile!"

"Si yeye nilimuita," Kaku alisema, huku mkono wake unampapasa mtoto kichwani.

Jumamosi mchana, jua likiwa utosini na Kaku ameenda sokoni, Chancelle alikuwa anaanika nguo. Aligeuka, hakumwona Shekina.

"Shekina!"

"Nakuya, mama."

Sauti ilitoka pembeni mwa lupango, chini ya bati.

Chancelle hakumbuki alivyovuka ua. Alijikuta amepiga magoti, anayavingirisha mawe ambayo siku nyingine yangehitaji wanaume wawili, kucha zinakatika, anaita jina la mwanawe na kila anapoita anaitikiwa kutoka chini, *nakuya, nakuya, mama*, kwa sauti iliyochoka ya mtoto aliyetembea siku nyingi, hadi bati likafunguka na ile harufu ya kichuguu na manyoya ikampiga usoni, na chini kabisa hakukuwa na kitu ila maji meusi yaliyotulia na uso wake mwenyewe ndani yake, na begani mwa uso ule, uso mwingine mdogo unachungulia.

Aligeuka. Shekina alikuwa amesimama nyuma yake, mkavu, ameshika kipande cha muhogo.

"Weye njo nani?" mtoto alimuuliza mama yake. Kisha, kwa adabu, kama mgeni: "Mama yangu iko wapi? Mama Mushiya?"

*

Mama Marlène alikuwa mwanamke wa maombi aliyejulikana mtaani, aliyewahi kuwatoa watu pepo za kila namna, kwa sala na kwa mizizi, bila kuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili. Alikuja siku ileile, kitambaa cheupe kichwani, miguu mitupu. Hakufika hata mlangoni. Alisimama katikati ya ua, akanusa, akafunga macho, akakaa hivyo muda mrefu, na alipoyafungua yalikuwa na machozi.

"Mi siwezi kufukuza hii," alisema kwa mnong'ono.

"Mama, minaomba! Nitafanya namna gani?"

"Shetani mi namufukuza. Huyu hakuingia kwa nguvu. Aliitwa. Wee ulipiga mwito, lakini mwito haikuwa yako. Mwenye mwito eko mu nyumba." Akamtazama Kaku Mushiya, aliyekuwa amesimama mlangoni amemshika Shekina mkono. "Mama Mushiya, mutu mwenye aliitwaka myaka yote ile, anakuya kutafuta nafasi. Hakuna nafasi. Nafasi iko na mwenyewe. Siku saba hivi, Shekina njo atapotea, na yule atabakia."

"Mwanangu alitembea myaka makumi ine na sita," Kaku alisema. "Munataka nimufungie mulango?"

"Na wangu, Kaku?" Chancelle alipiga magoti mbele ya bibi yake. "Na wangu, atatembea myaka ngapi?"

Kaku aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango kwa komeo. Mvua ikaanza. Chancelle na Mama Marlène walisimama chini ya ukingo wa paa, maji yakiwalowesha miguu, na kupitia dirishani wakasikia mazungumzo ya ndani, sauti ya mzee na sauti ambayo haikuwa ya Shekina.

"Uliona baridi?" Kaku aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Manyani bakakuchunga?"

"Manyani gani, mama?"

Walisikia kitanda kikilia, kama mtu aliyeketi ghafla.

"Mwadi," Kaku alisema. "Ile siku mu njia. Mi nilibebaka nini?"

Chancelle alijua alichobeba: mtoto mgongoni, binti mkononi, basi. Ndivyo Kaku alivyomsimulia.

"Kichwa ya mashini," ile sauti ilisema, bila hasira. "Ya kushonea. Ilikuwa inaanguka. Uliniachilia mukono juu ya kuikamata."

Walisikia kitu kama mnyama anayelia kwa mbali. Kisha wakaelewa kwamba ni Kaku. Alilia mpaka mvua ikakatika. Alipofungua mlango, mkasi ulikuwa mkononi mwake na nusu ya nywele zake zilikuwa sakafuni.

"Nilikuwa fundi," aliwaambia, hata hakuwatazama. "Ile mashini njo ilitulishaka. Nilisema nitamukamata tena, mara moja. Mara moja tu." Akamnyoshea Mama Marlène mkasi. "Unisaidie nyuma. Sifike."

*

Kesho yake walikwenda kwa moto tatu hadi mahali ambapo njia ya zamani, ile ya mwaka wa sabini na nane, inakutana na mto. Si mbali na kile kichuguu cha Stany. Ilikuwa saa sita za mchana, hakuna upepo. Kaku, kichwa kimenyolewa kinang'aa, alikuwa amemshika Shekina mkono wa kushoto. Mama Marlène alikuwa amemweleza Kaku kila kitu asubuhi, na Chancelle alikuwa ameelezwa jambo moja tu, ambalo alirudiarudia moyoni: usiite. Hata ukiona nini. Ukiita mtoto, wote wawili wataitika, na atakayefika kwanza ndiye atakayebaki.

Kaku alichuchumaa, akaongea na yule mtoto uso kwa uso. "Mwadi. Mi njo nilikuachilia. Si batu, si vita. Ni mi. Na wee ulikufa. Nilikataa kukulilia, nikakusimamisha mu njia na ile kuita yangu. Leo sikuite tena. Uende ulale, mwanangu."

"Mi naogopa, mama."

"Najua."

"Usiniachilie."

Kaku Mushiya aliinuka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa uzee na vilifunguka kimoja kimoja, na hakuutupa ule mkono, aliushusha taratibu hadi ubavuni mwa mtoto, kama mtu anayeweka yai, kisha akaondoa wake.

Mtoto alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye miti, akiwa amevaa sketi ya Shekina na ndala za Shekina, na Chancelle akauma kiganja chake, akamwona anafika kwenye matete na matete yanafunguka, akamwona anapita kati ya miti miwili, mitatu, mgongo mdogo unaotokea na kupotea, unaotokea na kupotea, na kila kitu ndani ya mwili wake, tumbo lililombeba, maziwa yaliyomnyonyesha, kilipanda kooni kuwa jina moja, akalimeza, likapanda tena, akalimeza tena na ladha ya damu, hadi mgongo haukutokea tena na pori likawa pori tu, limenyamaza, bila ndege hata mmoja, na ile harufu ya kichuguu kilicholowa ikaondoka kutoka kwenye nguo zao wote kwa mara moja, kama shuka linalovutwa kitandani.

Kaku alikuwa ameanguka kifudifudi. Mama Marlène alisali bila sauti, midomo tu. Chancelle alihesabu pumzi zake. Alifika mia mbili na kitu.

Ndipo wakasikia kilio. Kilio cha kawaida, cha hasira, cha mtoto aliyechomwa mguu na mwiba.

"Mamaaa! Ndala yangu imekatika!"

Chancelle hakuitika. Alikimbia.

*

Kilio cha Mwadi kilikaliwa siku tatu pale Kasulo. Majirani walileta unga, makaa na nyimbo, na hakuna aliyeuliza kwa nini wanamlilia mtoto wa mwaka wa sabini na nane. Shekina hakukumbuka chochote ila kwamba aliwahi kuota baridi. Chancelle hakumwita tena kwa sauti. Akimtaka, alimfuata alipo, hata akiwa mwisho wa mtaa, akamgusa bega.

Glodi alifuta sauti zote nne. Stany aligomba, akasema wamemharibia kazi, lakini alipowatazama machoni akaacha. Mwito wa kwenye filamu ukapigwa na shangazi yake wa Tenke, muuza samaki mwenye sauti ya kusimamisha treni.

Filamu ilionyeshwa miezi mitano baadaye katika ukumbi wa parokia moja. Watu walijaa hadi madirishani. Walimshangilia René na unga wake, na mamba alipoishiwa hewa katikati ya pambano ukumbi mzima ulipiga miguu chini kwa kicheko. Kaku Mushiya alikaa mstari wa mbele, nywele fupi nyeupe zimeanza kuota, Shekina amelala mapajani mwake. Naye alicheka, hata akafuta machozi kwa kitenge.

Kisha msichana wa nyani akatokea juu ya mwamba, peke yake, na Lualaba nyuma yake. Kaku akainama sikioni mwa Chancelle.

"Anarudia kwa mama yake?"

"Hapana, Kaku. Anabakia mu pori."

"Yeye peke?"

"Na manyani. Lakini haogope kitu, Kaku. Njo mwisho wa filme: haogope kitu hata kimoja."

Kaku alitazama skrini mpaka majina yakaanza kupanda na watu wakaanza kuinuka na kuvuta viti.

"Alikuwa na myaka sita," alisema. "Aliogopa."

Akambeba Shekina, ingawa alikuwa mzito kwake sasa, akatoka naye nje.